Chagua Kitabu Chenye Ugomvi: Kuwasomea Watoto Wadogo Habari za Amani

Ukitaka kuwafundisha watoto wa miaka minne au mitano habari za amani, kiweke kando kwanza kile kitabu chenye njiwa mweupe kwenye jalada na watoto walioshikana mikono kuizunguka dunia. Kinapendeza macho, lakini hakina kazi. Mtoto wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, atakitazama, atahesabu watoto waliomo, atataja rangi za nguo zao, kisha atageuka na kumnyang'anya mwenzake kalamu. Wala usimlaumu, kwa maana hakuona humo jambo lolote analolijua. Tafuta kitabu chenye ugomvi. Uwe ugomvi mdogo, uliochorwa vizuri, wenye nyuso zinazosomeka, na wenye suluhu ambayo mtoto mwenyewe angeweza kuifikia.

Mimi ni mwalimu wa chekechea katika kaunti ya Nakuru. Darasani kwangu wanakaa pamoja watoto wa Kikuyu, wa Kalenjin, wa Kisii, wa Luhya, wa Luo na wa Turkana. Mwanzoni mwa 2008 uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini katika majuma yale, na mamia ya maelfu wakahama. Waliokuwa na miaka sita au minane wakati huo ndio wazazi wanaoniletea watoto leo. Wapo ambao hawajawahi kuwasimulia watoto wao lolote, na wapo wanaosimulia kupita kiasi. Mtaala wetu wa umilisi umeiweka amani katika maadili makuu, pamoja na upendo, heshima na umoja, lakini mtaala haukuambii Jumatatu asubuhi ushike kitabu gani na ukishike vipi. Haya ndiyo ninayofanya mimi.

Kukichagua

Fungua kitabu katikati kabla hujasoma hata jina lake. Katikati ndipo ugomvi unapochacha. Funika maandishi kwa kiganja, utazame picha peke yake. Unaweza kusema nani amekasirika, nani anaogopa, na nani amesimama kando anatazama tu? Kama wewe huwezi kujua mpaka usome maneno, mtoto asiyejua kusoma atajuaje? Kirudishe kwenye rafu.

Tazama pia wanagombania nini. Kiwe kitu ambacho mtoto wa umri huo hukigombania kweli: mpira, bembea, nafasi ya mbele kwenye foleni, kipande cha chapati, mapaja ya mama. Vitabu vya wafalme wawili wanaopigania mpaka vina mahali pake, lakini si hapa. Mtoto wa miaka mitano hajui mpaka ni nini, ila anajua vizuri sana uchungu wa kuondolewa kwenye bembea kabla zamu yake haijaisha.

Kisha angalia nani anayeumaliza ugomvi. Hapa ndipo ninapovikataa vitabu vingi. Ukurasa wa mwisho anatokea mtu mzima, awe mama, mwalimu, chifu au simba mzee mwenye hekima, anatoa hukumu na wote wanafurahi. Mtoto anachoondoka nacho ni kwamba ukigombana nenda ukashtaki. Mimi natafuta kitabu ambacho watoto au wanyama wenyewe wanapata njia, hata kama njia hiyo ina kasoro. Afadhali wagawane chapati vibaya wao wenyewe kuliko simba awagawie sawasawa.

Hadithi zetu za sungura na fisi nazipenda, nimelelewa nazo, na watoto wanazitaka kila siku. Lakini tuseme ukweli: sungura hushinda kwa hila, fisi huachwa na njaa au na kipigo, na darasa zima huangua kicheko. Sizitupi. Tukifika mwisho narudi kwenye picha ya fisi na kuuliza, "Sasa huyu leo atalala wapi?" Mmoja atasema fisi amezoea. Mwingine atasema mamake atampa uji. Hapo tayari kuna mtoto aliyemwona fisi kuwa na mama, na hilo linanitosha kwa siku hiyo.

Kuna vitabu kadhaa vya picha kuhusu Wangari Maathai, na kwa mtoto wa Kenya ni hazina. Ukurasa wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004 upite haraka, kwa sababu tuzo haimwambii mtoto mdogo kitu. Kaa kwenye kurasa za miche, za mikono yenye udongo, za akina mama wakiinama. Na ukikuta ukurasa wa msitu wa Karura, pale alipopigwa na kuumizwa kichwani mwaka 1999 akiwa na wenzake wakitaka kupanda miti, usiuruke. Sema kwa maneno machache: "Walimpiga, akaumia, akapona, na hakuacha kuutetea msitu." Watoto wengi wanadhani kuwa na amani ni kunyamaza na kukubali kila kitu. Ukurasa huo unawaonyesha mtu aliyekataa bila kumpiga mtu.

Kisa cha Sadako Sasaki, mtoto wa Hiroshima, Japani, aliyekuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945 na akafa kwa saratani ya damu akiwa na miaka 12, mimi nakiacha mpaka Gredi ya 4 hivi. Watoto wa PP2 hubaki na hofu ya ugonjwa tu. Na kama unafundisha watoto waliotoroka vita, kwa mfano katika kambi za wakimbizi za Kakuma au Dadaab, usianze na kitabu chenye askari na bunduki ukidhani ndicho kinachowahusu. Anza na chapati na bembea. Mtoto akitaka kuzungumza juu ya aliyoyaona ataanza mwenyewe, na wewe utamsikiliza bila kumfanya somo la darasa.

Kukipata

Hili lisikukatishe tamaa. Tovuti ya African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina vitabu vingi vya picha kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine, kama Kikuyu, Kiturkana na Kimaasai, na leseni yake inakuruhusu kuvipakua, kuvichapisha na hata kubadilisha maneno. StoryWeaver ya Pratham Books kutoka India nayo iko hivyo. Ukienda saiba kuchapisha kwa wino mweusi peke yake, chagua picha zenye mistari minene. Picha za rangi hafifu hutoka kama masizi, na uso usioonekana haufundishi kitu. Maktaba za umma nazo usizisahau, rafu ya watoto inafaa kutembelewa kabla hujatoa pesa dukani.

Kukishika na kukisoma

Kisome nyumbani kwanza mpaka hadithi iwe mdomoni, ili ukiwa darasani macho yako yawe kwa watoto. Kaa chini kwenye kiti kifupi, watoto wakae kwenye mkeka kwa nusu duara. Shika kitabu kando ya bega, kiganja kikiwa chini ya mgongo wa kitabu, kurasa zikiwatazama wao. Ukiwa na watoto wengi kuliko wanaoweza kuziona nyuso zilizo kwenye picha, wagawe: kundi moja lifinyange udongo huku jingine likisoma, kisha wabadilishane. Mtoto wa nyuma asiyeona picha ndiye atakayemfinya wa mbele yake, na utakuwa umeuleta ugomvi mwenyewe.

Kitabu kimoja kinatosha wiki nzima. Siku ya kwanza hatusomi neno. Tunafungua kurasa polepole na kutazama. Swali langu ni "Unaona nini?" na baadaye, "Umejuaje kwamba amekasirika?" Hilo la pili ndilo lenye uzito. Mtoto analazimika kutafuta: nyusi zimekutana, mdomo umebanwa, mkono umefanya ngumi, mabega yamepanda. Baada ya muda utawasikia wakitumia ujuzi huo uwanjani, mmoja akimwambia mwenzake, "Wacha, angalia mabega yake." Ukurasa ukiwa na nyanya, mwache kila mtoto amwite anavyomwita kwao, shosho, kogo, kukhu, dani, na majibu yote yapokewe.

Siku ya pili nasoma mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, waipate hadithi yenyewe na utamu wake. Walimu wengi tunauharibu utamu huo kwa maswali kila sentensi.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Nasoma hadi ukurasa wa ugomvi mkali na kuishia hapo. Nitaeleza kwa kitabu tulichokitengeneza wenyewe darasani, cha wasichana wawili kwenye mfereji wa maji. Kwenye picha hiyo wote wawili wameushika mtungi mmoja wa njano. Mmoja ameshika mpini wa mtungi, mwingine amekumbatia kitako chake. Mtungi umelala upande, maji yanamwagikia viatu vya wa kushoto na kufanya kijito kinachokwenda mpaka pembeni mwa karatasi. Nyuma yao kuna mvulana mwenye kidole mdomoni na ndoo yake tupu.

Siulizi nani ana makosa. Ukiuliza hivyo umewageuza mahakimu, na watoto ni mahakimu wakali. Nauliza, "Huyu anataka nini?" Kisha, "Na huyu?" Wanasema wa kulia anataka kwenda nyumbani kwa sababu mama anangoja maji ya chai. Wa kushoto alifika kwanza. Halafu nauliza habari za mvulana. Mtoto mmoja alisema, "Anangoja wamalize kupigana achote yake." Mwingine akasema, "Anaogopa wakimpiga na yeye." Zungumzeni sana habari za huyo anayetazama, kwa sababu uwanjani watoto wengi ndio wako mahali pake. Na swali ninalolipenda kuliko yote katika ukurasa huo ni hili: "Maji yanakwenda wapi?"

Sasa waulize wafanye nini, na uandike kila jibu kwenye karatasi ya manila, ukichora alama ndogo kando ya kila moja ili nao waweze kulisoma. Narudia, kila jibu. "Ticha awachape." "Wamwage yote, akose kila mtu." "Huyu ampe huyu." "Wabebe pamoja, waende kwa huyu kwanza, halafu warudi." Usikunje uso kwa jibu lolote. Kisha mrudi juu mpitie moja baada ya jingine kwa swali moja tu: "Wakifanya hivyo, halafu?" Ticha akiwachapa, halafu? Watalia. Halafu? Maji bado yamemwagika. Halafu? Kesho watagombana tena ticha akiwa hayuko. Wanafika wenyewe, bila mahubiri kutoka kwako. Wakati mwingine hawafiki siku hiyo, na hapo funga kitabu mwende mkanywe uji. Mkirudi kesho kitabu kitakuwa palepale.

Siku ya nne tunaigiza, na mtungi mtupu wa kweli. Zingatia mambo mawili. Kwanza, wabadilishane nafasi, aliyenyang'anya anyang'anywe, kwa sababu mwili wake utajifunza kitu ambacho masikio hayakukipata. Pili, yule mtoto ambaye kila mtu anajua ni mkorofi usimpe nafasi ya mkorofi. Mpe nafasi ya yule mwenye ndoo tupu. Nimeona watoto wa namna hiyo wakitoa mawazo mazuri kuliko wote, kwa maana mambo ya ugomvi wanayajua kwa undani.

Ya mwisho ni ya kuchora. Ukiwaambia wachore amani utapata maua, bendera na jua lenye macho. Waambie, "Chora ukurasa unaofuata."

Kabila likiingia darasani

Litaingia. Kuelekea uchaguzi wa Agosti 2022 watoto walikuja na maneno ambayo hawakuyatunga wao: fulani ni wezi, fulani watarudi kwao. Usimgombeze mtoto mbele ya wenzake, na usimuulize nani amemwambia, kwa sababu utakuwa unamtaka aisaliti nyumba yake. Mimi huchukua kitabu chenye kundi la wanyama ambamo mmoja ameiba au ameharibu kitu, na kuuliza, "Aliyeiba ni nani?" Wanaonyesha kwa kidole. "Ni huyu ama ni wote?" Ni huyu. "Na huyu mdogo hapa nyuma, aliiba?" Hapana, huyo alikuwa amelala. Nawaacha hapo. Siku nyingine lile neno likisemwa tena, atakuwepo mtoto wa kuuliza, "Wote?"

Majina nayo yaangalie. Kwetu jina linatangaza kabila kabla mtu hajafungua mdomo. Ukibadilisha maneno ya kitabu au ukitunga chako, wagomvi wape majina ya Baraka, Neema, Tumaini, Imani. Mwizi asiitwe kamwe kwa jina la kabila la jirani. Lakini katika vitabu vya watu wanaofanya mema, tumia majina ya jamii zote waziwazi, kila mtoto asikie la kwao likitajwa kwa heshima.

Wazazi watakuja. Lalamiko la kwanza huwa, "Mwalimu, usimfanye mtoto wangu mnyonge. Akipigwa arudishe." Huwa simpingi kwa haraka, kwa sababu najua hofu hiyo imetoka wapi. Namwonyesha kwamba darasani tunafundishana kusema kwa sauti kubwa, "Wacha, sitaki!" na kwamba mtoto asiyeweza kusema hivyo ndiye huishia kuuma wenzake. Wengine hawataki mtoto asomewe kitabu chenye lugha au mavazi ya watu waliowakosea. Hao nawasimulia habari za Jella Lepman. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza, akarudi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1946 akaandaa jijini Munich maonyesho ya vitabu vya watoto kutoka nchi mbalimbali. Ubelgiji ilikataa mwanzoni, maana Wajerumani walikuwa wameivamia mara mbili. Akawaandikia tena kuwaomba wafikirie upya, na vitabu vikaja. Mwisho wa mwaka huo, kwa ajili ya watoto wa Berlin, akachapisha kwenye karatasi za magazeti nakala 30,000 za hadithi ya fahali asiyetaka kupigana. Maktaba ya kimataifa ya watoto aliyoifungua Munich mwaka 1949 ingali inafanya kazi. Mzazi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Hao Wabelgiji walipeleka kweli?" Walipeleka.

Kutengeneza kitabu chenu wenyewe

Hiki ndicho kitabu kitakachoombwa zaidi, kwa hiyo usiogope kwamba hujui kuchora. Chukua karatasi tatu za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Umepata kurasa 12. Jalada likate kwenye katoni ya mafuta ya kupikia au ya sabuni. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, ushone kwa uzi wa gunia na sindano kubwa, ukianzia tundu la kati na kufunga fundo kwa nje ili lisikwaruze mikono. Pini za stapla hushika kutu na kuwachoma vidole.

Tunga kuhusu mahali pamoja ambapo watoto wako hugombana, lakini kamwe usitumie ugomvi uliotokea wiki hiyo, na asiwepo mtoto atakayejitambua na kuchekwa. Ukurasa wa 1 ni wa jina. Wa 2 na wa 3 unaonyesha mahali penyewe palivyo siku ya kawaida. Wa 4 ugomvi unaanza, wa 5 unachacha. Wa 6 na wa 7, ambao ndio katikati ya kitabu na ni karatasi moja isiyokatika, uache wazi kabisa. Wa 8 hadi wa 11 uonyeshe kesho yake, wote wakiwa mahali palepale tena. Wa 12 andika majina ya watoto wote waliokitengeneza. Picha zichorwe na watoto kwenye vipande vya karatasi, mkate na kubandika kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa. Chumvi kidogo ndani ya gundi husaidia isiote ukungu haraka.

Kwenye ule ukurasa mtupu weka suluhu za watoto kwa kibanio cha nguo, bila gundi, ili kila msomaji abadilishe. Leo wanabeba mtungi pamoja. Kesho mvulana mwenye ndoo anawakinga maji yasimwagike. Kuna aliyechora wote watatu wakinywa maji palepale mferejini, mtungi ukiwa umesahauliwa kabisa chini. Ile ya "Ticha awachape" nayo iweke kama kuna aliyeichora. Watoto wenyewe huiondoa wakifika ukurasa wa 8, kwa sababu haiungani na picha ya kesho yake.

Ijumaa kitabu kinakwenda nyumbani kwa zamu, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua, pamoja na kikaratasi cha mzazi. Naandika mistari miwili tu: mwache mtoto akusomee wewe, hata kama anayoyasema siyo yaliyoandikwa; na mkifika ukurasa mtupu, mzazi naye achore suluhu yake, airudishe Jumatatu.